Mzigo Uliotoka Tawini

Barua ya kumsimamisha kazi shangazi yake ilisomwa mbele ya watu kumi na tisa. Fundi naye alikuwepo, amesimama karibu na mlango na mfuko wa vifaa begani.

Aliyeisoma ni meneja wa uendeshaji. Wafanyakazi walimwita Bwana Nyoosha, maana kila kikao alikifungua kwa kusema amekuja kunyoosha mambo. Aliisoma polepole, na penye makosa akapunguza mwendo zaidi ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Kosa la kwanza, mpiga picha mkuu wa tawi ameshindwa kuwadhibiti wenzake, wanaotazama filamu na mpira saa za kazi mpaka mtandao unaziba. Kosa la pili, ametoa picha ya mgonjwa nje ya jengo bila idhini. Shangazi alisikiliza mikono ameifumbata. Alipopewa barua aliikunja mara nne, akavua koti lake jeupe, akalitundika, akatoka. Fundi alimpisha mlangoni. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Kampuni yao ilikuwa na majengo matatu mjini: hospitali kubwa, ambayo ndiyo makao makuu, maabara, na tawi dogo ng'ambo ya pili ya mji. Tawini hakukuwa na daktari wa kusoma picha za eksirei. Shangazi, mdogo wake baba yake Fundi, alikuwa amewapiga watu picha pale kwa miaka kumi na saba. Picha husafiri kwa mtandao hadi makao makuu, daktari wa picha huisoma, majibu hurudi kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa shati. Ndivyo ilivyokuwa. Kisha kwa miezi miwili mambo yakaanza kwenda mrama. Picha ya mguu ilichukua nusu saa. Picha ya mgongo ilitumwa asubuhi, ikasomwa watu wakirudi kutoka chakula cha mchana.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuhakikisha majengo hayo matatu yanazungumza. Alibadilisha kebo, akabadilisha swichi, akaipigia simu kampuni ya laini mpaka wakaizoea sauti yake. Kila walipopima walimwambia laini yao nzima, imejaa tu. Imejaa nini? Hapo kila mtu alimtazama mwenzake.

Ndipo akaletwa yule mwezeka paa. Alikuwa ameanguka kutoka ghorofani, wenzake wakamleta tawini wamemlaza juu ya bati, anapumua kama mtu anayevuta hewa kwa mrija. Shangazi alimpiga picha ya kifua, akaituma. Baada ya robo saa kompyuta ilionyesha imefika asilimia nne. Alipiga picha kioo kwa simu yake akamtumia daktari, daktari akajibu anaona mng'ao mtupu. Tabibu wa zamu hakuthubutu kumtoboa mtu kifua kwa kubahatisha, na kumpakia garini katika hali ile aliogopa zaidi. Shangazi akanakili picha kwenye flashi, akaitia ndani ya kiatu isidondoke, akadandia pikipiki ya kukodi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, nywele zimejaa vumbi, aliingia kwa daktari wa picha bila kubisha hodi. Daktari aliitazama picha mara moja tu, akanyanyua simu, akamwambia tabibu atoboe upande wa kushoto, sasa hivi. Mwezeka paa akapona. Ile picha iliyotumwa kwa mtandao iliwasili saa nzima na dakika kumi baadaye, ilipokuwa haina tena wa kumfaa.

Na kwa hilo, barua.

Siku hiyohiyo Fundi alikwenda ofisini kwa meneja. Alikuta chati mezani, ile aliyoichapisha yeye mwenyewe wiki iliyopita na kuipeleka kama taarifa ya kawaida. Ilikuwa na mistari mitatu, mmoja kwa kila jengo, na mstari wa tawi ulikuwa umegonga dari tangu asubuhi hadi jioni. Meneja alikuwa ameuzungushia duara jekundu. Kwake yeye huo ulikuwa ushahidi. Alimwomba Fundi aandike chini yake maneno mawili matatu, kwamba matumizi mabaya ya wafanyakazi wa tawi ndiyo yanayojaza laini, atie sahihi, basi.

Fundi alimwambia chati ile inaonyesha kwamba laini imejaa. Nani ameijaza, haisemi.

"Tawi limeijaza," alisema meneja. "Imeandikwa hapo. Au kwa kuwa ni shangazi yako unataka tusome kinyume?"

Fundi alimwonyesha kitu kimoja ambacho alikuwa amekiona tangu siku ya kwanza na kinamkera. Mtu akitazama filamu, filamu inaingia. Inatoka huko nje inakuja kwake. Mzigo huu uliojaza laini ulikuwa unatoka tawini kwenda makao makuu. Wafanyakazi kumi na tisa hawawezi kutazama filamu kwa kuzitoa.

Meneja alimtazama kama anayetazama mtoto aliyejibu swali waliloulizana wakubwa. Alisema kamati ya nidhamu inakaa baada ya siku sita, na kwamba ndugu wa mtuhumiwa angefanya busara kukaa pembeni.

Fundi alitoka pale ameuma meno mpaka taya zikauma. Hasira yake haikuwa yote kwa meneja. Nyingine ilikuwa kwake yeye mwenyewe. Tawi lilipofunguliwa lilikuwa na kompyuta tano, na yeye kwa uvivu wa siku moja aliviingiza vyombo vyote vya pale katika programu ya uangalizi kwa jina moja tu, "Tawi". Sasa tawi lilikuwa na vyombo zaidi ya themanini, kila kimoja na anwani yake ya mtandao, na vyote vilikuwa bado vimetiwa kapu moja. Mashine ya eksirei, kompyuta ya mapokezi, simu ya mfagizi, vyote "Tawi". Ukitaka kuviangalia kimoja kimoja, programu inakumwagia mistari mia nne inayobadilika kila sekunde, huoni kitu. Kwa miaka mingi alikuwa akisema atakuja kuvipanga. Hakuvipanga. Na kapu lile alilolisuka yeye ndilo meneja alilolibeba akamtwisha shangazi yake.

Jioni alipita kwa shangazi. Alimkuta anafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

"Shangazi, nipe siku nne," alimwambia.

"Za nini? Mimi sirudi pale kuombaomba."

"Siombi. Nataka kujua nani."

Shangazi alikamua pazia kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. Alisema kitu kinachomkereketa si kazi. Ni kuambiwa mbele ya vijana aliowafundisha mwenyewe kwamba ameacha wagonjwa wateseke ili watu watazame mpira. Kisha akamwambia aende zake kabla giza halijaingia, na ampelekee baba yake salamu, na asimwambie lolote.

Kesho yake Fundi alianza na karatasi. Alitembea tawini chumba hadi chumba, akiinama chini ya meza, akisoma anwani ya kila chombo na kuiandika. Wafanyakazi walimpisha. Mpokezi, msichana mcheshi ambaye kwa kawaida angemtania kuhusu buibui wa chini ya meza, alimletea simu yake bila kuombwa akasema na ipimwe nayo. Wengine wakafanya vilevile. Mezani kukawa na rundo la simu, kama watu wamesalimisha silaha, na kulitazama rundo lile kulimtia Fundi uchungu kuliko barua.

Siku ya pili alivipanga vile vyombo katika vikundi vya anwani. Kikundi kimoja akakiita Eksirei ya Tawi. Kingine Mapokezi ya Tawi, kingine Simu za Wafanyakazi. Upande wa makao makuu akaweka Madaktari, Ofisi, na Seva. Maabara akaipa vikundi vyake viwili. Kisha akaiagiza programu iache kuhesabu majengo, ihesabu kikundi na kikundi: Eksirei ya Tawi imepeleka kiasi gani kwa Madaktari, Simu za Wafanyakazi zimeleta kiasi gani kutoka nje, Mapokezi wamezungumza na Seva kiasi gani. Kila anwani ambayo hakuipata kwenye karatasi yake ilijikusanya yenyewe katika kikundi cha mwisho. Hicho akakiita Wasiojulikana.

Akaiacha ihesabu siku nzima ya kazi.

Asubuhi iliyofuata alifungua jedwali kabla hajaweka mfuko chini. Simu za Wafanyakazi, wote kumi na tisa, kwa siku nzima, hazikufika hata sehemu moja katika mia. Mapokezi ilikuwa sehemu mbili. Eksirei ya Tawi, ambayo ndiyo sababu ya tawi kuwepo, ilikuwa imeambulia sehemu tatu. Na Wasiojulikana walikuwa wamekula sehemu tisini na nne. Zilikuwa anwani kumi na nne, zote zinatoka tawini, zote zinakwenda makao makuu, katika kikundi cha Ofisi, kwa anwani moja. Zilianza asubuhi hazikupumzika hata dakika moja.

Alizijua mara tu alipozihesabu. Kumi na nne. Miezi miwili nyuma, alipokuwa likizo, tawini zilifungwa kamera kumi na nne. Aliporudi aliziona darini akauliza, meneja akamwambia ni za usalama, zinarekodi kwenye kisanduku kilichofungiwa stoo palepale, mtandao haziugusi. Alimwamini. Hakwenda hata kuchungulia.

Alikwenda sasa. Stoo, nyuma ya maboksi ya glavu, alikikuta kisanduku. Kilikuwa kinarekodi kweli kama alivyoambiwa. Lakini kutoka kwenye kila kamera mkondo wa pili ulikuwa umefunguliwa, picha hai, ya ubora wa juu kabisa, ukienda moja kwa moja makao makuu. Alipanda ngazi kuzikagua zenyewe. Moja ilitazama lango, moja ilitazama dirisha la dawa, na hizo mtu angeweza kuzielewa. Nyingine ilikuwa ndani ya chumba cha kunywea chai, juu ya kabati, imeelekezwa mezani. Nyingine ilikuwa kwenye korido ambako wanawake wa usafi hubadilishia nguo kwa kuwa hawakupewa chumba. Alishuka ngazi.

Ilibaki ile anwani moja ya makao makuu. Alifuata kebo yake kutoka kwenye swichi, akapanda nayo ghorofa ya pili, ikamfikisha kwenye mlango alioujua. Katibu wa meneja alisema bosi yuko kwenye mazungumzo ghorofa ya chini. Fundi akamwambia kuna kebo lazima aitazame, na katibu, ambaye mwenyewe alikuwa na mdogo wake anayefanya usafi tawini, akamfungulia.

Skrini ilikuwa ukutani, nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni aliyeketi mbele ya meza hawezi kuiona. Ilikuwa kubwa kama meza ya watu sita, imegawanywa vijidirisha kumi na vinne. Katika kimoja mpokezi alikuwa anajikuna shingo. Katika kingine tabibu alikuwa anakunywa chai amefumba macho. Katika korido mwanamke mmoja alikuwa anafunga kanga kiunoni. Na katika chumba cha eksirei kijana aliyeachiwa zamu alikuwa ameegemea mashine, anasubiri, anatazama kompyuta, anasubiri.

"Nani kakuruhusu kuingia?"

Bwana Nyoosha alikuwa amesimama mlangoni. Fundi hakugeuka.

"Yule kijana unamwona?" alisema, akionyesha. "Picha yake imekwama. Imekwama kwa sababu wewe unamtazama akisubiri."

Meneja hakuelewa, au alijitia hamnazo. Fundi akamweleza kwa sentensi fupifupi. Laini ya tawi ina nafasi hii. Kamera hizi zinachukua nafasi hii. Kinachobaki ndicho ambacho picha za wagonjwa zinagombania. Meneja alimsikiliza huku uso ukimbadilika rangi, kisha akakaa, akashusha pumzi, akawa mpole ghafla. Alisema jambo hili ni la kiusalama na si la kupigia kelele. Atazima baadhi. Kuhusu shangazi, atampunguzia: onyo badala ya kusimamishwa. Fundi aifute taarifa, na wote wawili watakuwa wamenyoosha mambo.

Hapo ndipo hasira iliyokuwa inachemka chini kwa chini ilipofurika. Hakupaza sauti. Alimwambia kuna mtu alikaribia kufa akitazamwa kwenye ukuta huu, kwamba kamera ya chumba cha eksirei ilimwonyesha shangazi yake akihangaika robo saa nzima mbele ya kompyuta iliyokwama, na kama meneja alikuwa kitini mwake siku ile basi alimwona akitia flashi kiatuni. Ndivyo meneja alivyojua kwamba picha imetoka nje. Maana tangu barua isomwe Fundi alikuwa akijiuliza nani alimwambia, na daktari wa picha alikuwa amemwapia kwamba si yeye.

Meneja alikitupia jicho kijidirisha cha chumba cha eksirei. Hilo lilitosha.

Kamati ilikaa siku ya sita: mkurugenzi, mkuu wa utumishi, daktari wa picha, na meneja mwenyewe. Shangazi aliitwa, akaja amevaa gauni lake la kwendea harusini, akakaa mwisho wa meza. Meneja alianza kwa kuomba taarifa ya Fundi isipokelewe, kwa kuwa mtoaji ni ndugu. Mkurugenzi, mwanamke mzito wa kusema, aliuliza kama tarakimu nazo ni ndugu. Akaamuru zisomwe.

Fundi aliwawekea jedwali, akawaeleza vikundi kwa lugha ambayo hata mkuu wa utumishi, aliyeogopa kompyuta, aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba ruhusa ya kufanya jambo moja mbele yao. Alimpigia simu kijana wa tawi, akamwambia atume picha yoyote ya mfano. Wakasubiri. Dakika tano zilipita, daktari wa picha akiitazama kompyuta yake ya mkononi, mkurugenzi akigongagonga kalamu. Asilimia mbili. Fundi akaomba ruhusa ya kuizuia ile njia ya kamera. Mkurugenzi akakubali. Alibonyeza kitufe kimoja, akamwambia kijana aanze upya.

"Imefika," alisema daktari baada ya nusu dakika. Aliitazama tena, kama asiyeamini. Kisha akafunga kompyuta yake na kumgeukia meneja, na watu waliomjua kwa upole wake walishangaa. Alimwambia kwamba kwa miezi miwili amekuwa akisoma vifua vya watu kwa kuchelewa, akiyalaumu macho yake, akiulaumu umri wake, kumbe mtu alikuwa anatazama watu wakinywa chai.

Barua ilifutwa palepale. Mkurugenzi alimwambia shangazi arudi kazini Jumatatu, kampuni inasikitika, na angependa jambo hili liishie chumbani humu.

"Haliishii humu," alisema shangazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Nilisomewa mbele ya watu kumi na tisa. Haohao waitwe. Na asome yeye."

Mkuu wa utumishi alisema hilo si utaratibu. Shangazi akajibu kwamba hata kusomewa kwake hakukuwa utaratibu, akaanza kuokota mkoba wake. Mkurugenzi akamwambia aketi.

Jumatatu barua ya kufuta ile ya kwanza ikasomwa. Bwana Nyoosha aliisoma mbio, kichwa chini, na katikati mpokezi akamwomba kwa adabu zote arudie sentensi ya tatu, hakuisikia vizuri. Akairudia. Wiki mbili baadaye alihamishiwa idara ya ununuzi, kwa cheo kilekile, katika ofisi nzuri kuliko ya kwanza. Fundi alipopata habari hizo alipiga ngumi mlango wa kabati la seva, ukabaki na kibonyeo.

Naye akapokea barua yake. Ilikuwa onyo, kwa kuingia ofisi ya meneja bila idhini. Mkuu wa utumishi alimpa kalamu akimwomba radhi kwa macho, akisema ni karatasi tu, faili lazima liwe na kitu. Fundi aliandika kwamba ameipokea na haikubali hata neno moja. Akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Alasiri hiyo alikwenda tawini na ngazi. Amri ya maandishi ilikuwa imetoka: kamera za lango na dirisha la dawa zibaki, nyingine ziondolewe na fundi wa nje atakapopatikana. Hakumngoja wa nje. Alianza na korido. Mwanamke wa usafi alimshikia ngazi, akimwuliza kila mara kama kweli imezimika, kama kweli haioni, na kila mara Fundi alimjibu kwamba haioni, mpaka mara ya nne alipoing'oa pamoja na kipande cha plasta na kumwekea mkononi.

Mwanamke aliigeuza, akaitazama kwenye jicho lake.

"Miezi miwili," alisema, akaiacha ianguke sakafuni.